C. S. Lewis na Swali la Kitabu cha Kwanza

Fanani wa ngano haulizwi aanzie wapi. Akishaitikiwa pakawa, hadhira nzima humwandama kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, wala hapana awezaye kumtangulia. Msomaji wa riwaya moja naye hana taabu, kwani ukurasa wa kwanza humngoja mahali pake. Tatizo huzuka pale mwandishi anapotunga riwaya saba kuhusu nchi moja ya kubuni, akazitoa moja baada ya nyingine kwa miaka saba, na kisa cha kale kuliko vyote kikajitokeza katika kitabu cha sita. Je, msomaji mgeni aanzie alipoanzia mtunzi, au aanzie ilipoanzia nchi yenyewe? Swali hili limewagawa wasomaji wa riwaya za Narnia kwa miongo mingi, na wachapishaji nao wamelijibu kwa namna mbili zinazopingana. Kuhesabu miaka peke yake hakulitatui. Sehemu kubwa ya jibu imefumbatwa katika maisha ya mtunzi, Clive Staples Lewis, mtu ambaye ilimchukua umri mrefu kufika kwenye mwanzo wa kisa chake mwenyewe.

Nyumba ya vitabu na msiba

Lewis alizaliwa tarehe 29 Novemba 1898 mjini Belfast, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, Albert Lewis, alikuwa wakili. Mama yake, Flora Hamilton, alikuwa amesomea hisabati katika enzi ambapo wanawake wenye shahada walikuwa wa kuhesabika. Walijaliwa wana wawili: Warren, kifungua mimba, aliyezaliwa mwaka wa 1895, na Clive, kitindamimba. Clive alikuwa bado mdogo sana alipolikataa jina lake na kutangaza kwamba angeitwa Jack. Jamaa na marafiki walimwita hivyo hadi alipoingia kaburini.

Mnamo 1905 familia ilihamia katika jumba kubwa lililoitwa Little Lea. Lilikuwa na ushoroba mrefu, vyumba vya darini visivyokuwa na watu, na vitabu kila mahali: sebuleni, vyumbani, kwenye ngazi na hata darini, vikiwa vimepangwa safu mbilimbili. Jack hakukatazwa kitabu chochote. Familia hiyo ilimiliki pia kabati la nguo lililoundwa kwa mkono na babu yake. Watoto wa ukoo walijipenyeza ndani yake, wakaketi gizani na kumsikiliza Jack akiwatambia hadithi. Kabati hilo limehifadhiwa katika Chuo cha Wheaton, jimboni Illinois, Marekani.

Katika vyumba vya darini, Jack alibuni nchi ya wanyama wanaosema na kuvaa mavazi ya watu. Warren naye alikuwa na nchi yake, India ya kubuni. Ndugu hawa wakaziunganisha nchi zao na kupata dola moja iliyoitwa Boxen. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kuwa Jack hakutosheka na visa. Aliiandikia nchi yake historia, akaichorea ramani, na kujitahidi kuonyesha jinsi enzi za kale zilivyozaa enzi za baadaye. Mtoto huyu alipenda mambo yafuatane kwa miaka. Utu uzima ulikuja kumfundisha kutunga kwa njia nyingine kabisa.

Mwaka wa 1908 Flora alipatikana na saratani, akafanyiwa upasuaji mle mle nyumbani. Jack, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, aliomba kwa imani yote ya mtoto kwamba mama yake apone. Flora alifariki tarehe 23 Agosti mwaka huo. Siku hiyo kalenda iliyokuwa nyumbani humo ilikuwa na maneno kutoka tamthilia ya Shakespeare, King Lear, na baba mtu akayatunza. Majuma machache baada ya mazishi, Jack alivalishwa sare asiyoizoea, akavushwa bahari na kupelekwa katika shule ya bweni Uingereza. Kwa muda mfupi alikuwa amepoteza mama, nyumba na nchi.

Kuasi imani na kuirudia

Shule hiyo ya kwanza, iliyokuwa Watford, ilikuwa na mwalimu mkuu katili ambaye baadaye akili zilimruka. Nyingine alizopitia hazikumfurahisha sana. Nafuu ilipatikana 1914 alipokabidhiwa kwa William Kirkpatrick, mwalimu mstaafu aliyeishi Great Bookham, kusini mwa London. Mzee huyo alimfunza Kigiriki, Kilatini na, zaidi ya yote, mantiki. Hakuruhusu mtu aseme neno asiloweza kulitetea. Wahakiki wengi wanakiona kivuli chake katika yule profesa mzee wa Narnia ambaye huwataka watoto wapime kimantiki habari zinazoonekana kuwa muhali.

Kufikia wakati huo kijana Lewis alikuwa ameiacha imani ya Kikristo aliyolelewa nayo. Hata hivyo, mwaka wa 1916 alinunua nakala ya Phantastes, riwaya ya kifantasia ya George MacDonald, na kitabu hicho kikamwachia athari ambayo hakuacha kuitaja. Alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Oxford, lakini Vita Vikuu vya Kwanza vikamwita kabla hajatulia masomoni. Aliwasili kwenye mahandaki ya Ufaransa siku aliyotimiza umri wa miaka kumi na tisa. Mwezi wa Aprili 1918 alijeruhiwa kwa mzinga. Rafiki yake, Paddy Moore, aliuawa katika vita hivyo, na Lewis akamtunza mama ya Paddy hadi mama huyo alipofariki mwaka wa 1951.

Baada ya vita alirudi Oxford na kupata daraja la kwanza mara tatu, mara ya mwisho ikiwa katika fasihi ya Kiingereza mwaka wa 1923. Mnamo 1925 aliteuliwa kuwa mhadhiri katika Chuo cha Magdalen, alikofundisha kwa karibu miaka thelathini. Mwaka wa 1926 alikutana na J. R. R. Tolkien, mtaalamu wa Kiingereza cha Kale. Wawili hao waliunganishwa na mapenzi ya visasili vya Ulaya ya kaskazini. Usiku mmoja wa Septemba 1931, Tolkien na mwenzao Hugo Dyson walitembea na Lewis wakijadiliana kuhusu visasili na ukweli hadi saa za usiku mkuu. Siku chache baadaye Lewis aliurudia Ukristo. Kutoka miaka hiyo, kikundi cha marafiki kilichojulikana kama Inklings kilizoea kukutana na kusomeana miswada.

Lewis aliyetokana na safari hiyo alikuwa watu watatu ndani ya mmoja: mwanazuoni wa fasihi ya enzi za kati, mtetezi wa dini aliyesikika redioni kupitia BBC wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na mtunzi wa bunilizi. Watatu hao walikutana Narnia.

Picha iliyotangulia kisa

Namna Narnia ilivyotungwa ndiyo kiini cha mgogoro wa mpangilio wake. Tolkien aliujenga ulimwengu wake kama mwashi: lugha kwanza, kisha nasaba, kalenda na ramani, na kila tofali likapimwa kabla ya kuwekwa. Lewis hakufanya hivyo. Kwa maelezo yake mwenyewe, Narnia ilianza kwa picha iliyomjia akiwa na umri wa miaka kumi na sita hivi: kiumbe nusu mtu nusu mbuzi akitembea katika msitu wa theluji, mkononi mwavuli na vifurushi. Picha hiyo haikuwa na kisa. Ilikaa akilini mwake kwa zaidi ya miongo miwili.

Mnamo 1939 watoto waliohamishwa kutoka London kwa hofu ya mabomu walipewa hifadhi nyumbani kwake, The Kilns, viungani mwa Oxford. Lewis alijaribu kuandika kisa cha watoto wanne wa aina hiyo, lakini hakwenda mbali. Ilikuwa hadi mwishoni mwa miaka ya arobaini ndipo alipoishika tena kalamu kwa bidii, na hapo, kwa kauli yake, simba aitwaye Aslan akaruka na kuingia hadithini, akavivuta visa vyote nyuma yake. Mapema mwaka wa 1949 mswada ulikuwa tayari. Tolkien hakuupenda mchanganyiko wake wa visasili vya mataifa mbalimbali. Rafiki mwingine, Roger Lancelyn Green, alimhimiza aendelee, na baadaye ndiye aliyependekeza vitabu vyote viitwe tarihi za Narnia.

Kitabu hicho, The Lion, the Witch and the Wardrobe, kilichapishwa mwaka wa 1950 kikiwa na michoro ya Pauline Baynes. Ndani yake mtoto Lucy anaingia katika kabati la nguo, anapita katikati ya makoti na kukanyaga theluji. Mbele yake, katikati ya msitu, anaiona nguzo ya taa ikiwaka. Nani aliyeisimika taa ya barabarani msituni? Msimulizi hasemi, na Lewis hakuwa na jibu alipoandika. Green anasemekana kuwa ndiye aliyemuuliza, na swali hilo likamchokoza Lewis atafute asili ya mambo.

Mipangilio mitatu

Lewis alianza kulijibu swali hilo mara moja, mwaka ule ule wa 1949. Alianza mswada kuhusu kijana Digory, aliyekuwa na kipawa cha kufahamu lugha ya miti na wanyama. Kazi ikamshinda, akaiweka kando. Badala yake aliandika Prince Caspian, kisha The Voyage of the Dawn Treader, halafu The Horse and His Boy, na baadaye The Silver Chair. Kisa cha asili alikirudia, akakwama tena, akaandika kwanza The Last Battle, kisa cha mwisho wa Narnia. Kitabu cha mwanzo wa Narnia, The Magician's Nephew, yaani mpwa wa mchawi, ndicho kilichokamilika baada ya vyote, mapema mwaka wa 1954.

Kwa hivyo kuna mipangilio mitatu. Wa kwanza ni wa kutunga, ambao umekwisha kuelezwa. Wa pili ni wa kuchapisha: kitabu cha kabati 1950, Caspian 1951, safari ya merikebu 1952, kiti cha fedha 1953, farasi na mvulana 1954, mpwa wa mchawi 1955 na vita vya mwisho 1956. Kitabu hicho cha saba kilituzwa Nishani ya Carnegie. Wa tatu ni wa wakati wa ndani ya hadithi. Huu huanza na mpwa wa mchawi, hufuata kabati, kisha farasi, na kuendelea na Caspian, merikebu, kiti cha fedha na vita vya mwisho. Lewis mwenyewe aliacha muhtasari wa tarehe, ambapo Narnia inaumbwa mwaka wa 1900 wa kalenda yetu, watoto wanne wanaingia mwaka wa 1940, nayo inafikia kikomo mwaka wa 1949 baada ya kudumu miaka 2555 ya kwake. Mtoto wa Boxen hakuwa amekufa ndani yake.

Kwa mwanafunzi wa nadharia ya usimulizi, mfano huu ni hazina. Unatenganisha waziwazi mfuatano wa matukio na mfuatano wa kuyasimulia, yaani hadithi na msuko wake. Kisomwapo mahali pake pa sita, kitabu cha mpwa wa mchawi huwa ni mbinu rejeshi yenye urefu wa kitabu kizima. Msomaji anapokutana na nguzo ya taa ikichipuka ardhini kutoka kipande cha chuma kilichong'olewa London, furaha yake hutokana na kuwa amekwisha kuishi na fumbo hilo. Anapoambiwa kwamba kabati lile lilitokana na mti ulioota kwa mbegu za tufaha la Narnia, anacheka kwa kutambua. Msomaji aliyeanza na kitabu hiki hapati fumbo wala kicheko. Hupewa majibu ya maswali ambayo hajaulizwa.

Upo ushahidi mwingine ndani ya matini. Katika kitabu cha kabati, jina la Aslan linapotajwa kwa mara ya kwanza, msimulizi anadokeza kwamba watoto hawakumjua simba huyo zaidi ya msomaji anavyomjua. Dokezo hilo linakuwa kweli kwa yule tu ambaye hajasoma kitabu kingine. Aliyekwisha kumwona Aslan akiiumba Narnia kwa wimbo analisoma kama kosa. Lakini upande wa pili nao hauko mikono mitupu. Kitabu cha mpwa wa mchawi kinatangaza mwanzoni mwake kwamba ndicho kinachoonyesha jinsi safari zote za kwenda na kutoka Narnia zilivyoanza, nacho hufungwa kwa kuelekeza kwenye yatakayokuja.

Hata wafuasi wa wakati wa ndani hawawezi kuufuata kikamilifu. Matukio ya kitabu cha farasi yote hutokea wakati wa utawala wa wale watoto wanne, yaani ndani ya sura ya mwisho ya kitabu cha kabati. Mwenye kutaka usahihi kamili angelazimika kukifunga kitabu kimoja kabla ya mwisho, asome kingine, kisha arudi. Lewis alilichezea jambo hili kwa werevu. Katika kitabu cha kiti cha fedha, karamu inafanywa katika kasri la mfalme, na malenga kipofu anasimama kutamba kisa cha kale cha farasi na mvulana wake. Msomaji wa mwaka wa 1953 alisikia kutajwa kwa ngano ambayo angeisoma mwaka uliofuata. Kumbe Narnia nayo ilikuwa na fasihi simulizi yake.

Tufaha la mama

Inafaa kuuliza kwa nini kitabu cha mwanzo kilimshinda Lewis mara mbili. Kiini cha kisa hicho ni mtoto Digory, ambaye mama yake yuko kitandani akisubiri kufa. Digory anatumwa na Aslan kuleta tufaha kutoka bustani ya mbali. Mchawi anamshawishi aliibe na kumpelekea mama yake apone. Digory anakataa, anatimiza amri, na mwishowe Aslan mwenyewe anampa tufaha la kumponya mama. Mvulana huyo ndiye atakayekuja kuwa profesa mzee, mwenye nyumba yenye kabati.

Mtu anayejua yaliyotokea Little Lea mwaka wa 1908 hahitaji kufafanuliwa zaidi. Lewis alikuwa akikiandikia jawabu kisa ambacho katika maisha yake hakikupata jawabu. Ni katika mwaka huo huo wa 1955, kitabu hicho kilipotoka, ndipo alipochapisha pia tawasifu yake, Surprised by Joy, inayosimulia kifo cha mama. Mwanzo wa Narnia na mwanzo wa Lewis vilimfikia msomaji kwa pamoja, mwandishi akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Barua ya mwaka wa 1957

Mwaka wa 1954 Lewis aliteuliwa kuwa profesa wa fasihi ya enzi za kati na za mwamko katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Wakati huo alikuwa akifahamiana na Joy Davidman, mshairi wa Kimarekani aliyekutana naye mara ya kwanza mwaka wa 1952. Joy alikuwa na wana wawili, David na Douglas Gresham, na Lewis alikitabaruku kitabu cha farasi kwa watoto hao. Walifunga ndoa ya kiserikali mwezi wa Aprili 1956 ili Joy aweze kuendelea kuishi Uingereza. Baadaye mwaka huo ilibainika kwamba alikuwa na saratani. Mwezi wa Machi 1957 waliozwa na kasisi kando ya kitanda cha hospitali, watu wakidhani amebakiwa na majuma tu.

Ilikuwa katika majuma hayo, Aprili 1957, ambapo Lewis alijibu barua ya mvulana mmoja wa Marekani. Mvulana huyo alikuwa akibishana na mama yake. Yeye alitaka vitabu visomwe kwa mfuatano wa wakati wa Narnia; mama alishikilia mfuatano wa uchapishaji, akiamini mwandishi alikuwa ameupanga. Lewis alimjibu mtoto kwamba alielekea kuuafiki mpangilio wake. Alieleza kwamba hakuwa amepanga msururu wowote: alipoandika kitabu cha kwanza hakujua kama kungekuwa na cha pili, na alipomaliza cha tatu aliamini ndio mwisho. Kwa sababu hiyo aliona kwamba pengine mpangilio hauna uzito mkubwa.

Barua hii imegeuzwa kuwa hati ya mahakama na pande zote mbili. Lakini ikisomwa pamoja na maisha ya aliyeiandika, inaonyesha mambo mengine. Anayejibu ni mwalimu mwenye huruma, asiyetaka kumvunja mtoto moyo, na ni mtu ambaye nyumbani kwake kulikuwa na mama mgonjwa na wana wawili wenye umri kama wake alipofiwa. Wala barua yenyewe haikutoa amri.

Mwisho unaorejea mwanzoni

Joy alipata nafuu ambayo madaktari hawakuitarajia, wakaishi kwa furaha kwa muda. Ugonjwa ulirudi, naye akafariki tarehe 13 Julai 1960. Douglas alikuwa na miaka kumi na minne. Lewis aliandika majonzi yake katika A Grief Observed, kilichotoka mwaka wa 1961 kwa jina la kubuni. Mwaka huo huo alichapisha An Experiment in Criticism, kitabu cha uhakiki kinachodai kwamba alama mojawapo ya msomaji wa kweli wa fasihi ni kurudia kusoma.

Afya yake mwenyewe ilizorota. Inasimuliwa kwamba siku chache kabla ya kufa alimwahidi Kaye Webb, mhariri wa vitabu vya Puffin, kwamba angezipitia upya riwaya za Narnia na kusawazisha yasiyooana, mathalani nasaba ya Mchawi, inayoelezwa kwa namna moja katika kitabu cha kabati na kwa namna nyingine katika kitabu cha mpwa. Ahadi hiyo haikutimia. Lewis alifariki tarehe 22 Novemba 1963, akiwa amebakisha juma moja kutimiza miaka sitini na mitano. Siku hiyo hiyo aliuawa Rais John F. Kennedy wa Marekani, na dunia haikupata nafasi ya kuiona maiti nyingine. Alizikwa katika kanisa la Headington Quarry. Juu ya kaburi Warren aliandikisha yale maneno ya King Lear yaliyokuwa kwenye kalenda siku mama yao alipofariki. Mwisho wa Lewis ukafungwa kwa mwanzo wake.

Kwa miaka mingi matoleo ya Marekani yalikuwa na nambari za mfuatano wa uchapishaji. Mwaka wa 1994 kampuni ya HarperCollins ilibadilisha nambari hizo na kufuata wakati wa ndani ya hadithi, Douglas Gresham akiunga mkono kwa kurejelea maoni ya baba yake wa kambo. Wahakiki kadhaa, Peter Schakel akiwa mmoja wao, walipinga vikali, wakisema kwamba mpangilio huo unamnyima msomaji mpya taharuki na mshangao. Filamu ya mwaka wa 2005 nayo ilianza na kabati.

Hukumu inayolingana na maisha haya si ngumu. Usomaji wa kwanza huja mara moja tu, na hauwezi kurudishwa ukishaharibiwa. Yafaa basi msomaji mgeni aingie kwa mlango aliouingia mtunzi: kabati, theluji na taa isiyoelezeka, kisha afuate miaka ya uchapishaji. Atakifikia kisa cha mama na tufaha akiwa ameiva, kama alivyokifikia Lewis. Akirudia kusoma, kama Lewis alivyotarajia msomaji wa kweli arudie, aanze na mpwa wa mchawi na kufuata miaka ya Narnia, amridhishe yule mtoto wa Belfast aliyependa kila tukio liwe na tarehe yake. Mama na mwanawe waliobishana mwaka wa 1957 wote walikuwa na haki. Kilichowatenganisha ni kwamba mmoja alizungumzia safari ya kwanza, na mwingine ya pili.